Stendi ya nini, sakafu ipo

Juzi nilimsindikiza shemeji yangu dukani kununua msumeno wa engo, ile mashine ya umeme ya kukata mbao kwa pembe, na ni ule wa kuvuta kwenye reli. Shemeji ni mtumishi, siyo fundi. Anataka kutengeneza vitu vyake jioni na wikendi hapo nyumbani kwake Isevya: rafu, kabati la vyombo, vitanda vya watoto. Kijana wa duka akatuletea dude la diski ya milimita 305, zito kiasi kwamba tulisaidiana kuliweka kaunta. Shemeji macho yakamtoka. Mimi nikaulizia stendi ya kuikalishia. Kijana akacheka: "Mzee, stendi ya nini, sakafu ipo." Na shemeji naye akacheka. Hicho kicheko cha shemeji ndicho kilichoniudhi, maana huyu ni mtu aliyesoma.

Haya, twendeni sakafuni.

Pita Ng'ambo, pita Ipuli, pita popote penye karakana mjini Tabora, utaikuta mashine ya pesa ndefu imekaa kwenye vumbi. Mwenyewe amechuchumaa, magoti yako masikioni, mguu wenye ndala umekanyaga ubao, mkono uko kwenye swichi. Ubao una futi kumi na mbili. Mwisho wake umelazwa kwenye tofali, juu ya tofali kuna kipande cha mbao, juu ya kipande kuna boksi la misumari lililokunjwa ili kupata usawa. Usawa! Fremu ikiacha mwanya kwenye kona, lawama zote kwa mashine: za siku hizi feki.

Meza ya msumeno wa engo, pale ubao unapolala, kwa mashine nyingi ipo kama sentimita kumi tu kutoka chini. Tofali lako likizidi hapo, ubao haulali mezani, unaelea. Diski ikimaliza kukata, vipande viwili vinadondoka kuelekea katikati na kuibana ikiwa bado inazunguka. Tofali likiwa fupi, ncha nzito inaanguka chini na ile iliyo karibu nawe inaruka juu kuifuata diski. Kwa vyovyote vile, motor ya wati 1,800 haikusubiri ujipange. Inaurusha ubao, na ulichokuwa umeuwekea ubao huo, mguu au mkono, kinakwenda nao. Watengenezaji wanasema mkono ukae sentimita 15 mbali na diski. Hawakusema lolote kuhusu ndala, nadhani hawakuwaza kwamba tungefika huko.

Tuache vidole, tuseme umebarikiwa. Fremu ya picha ina kona nne, yaani mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande uleule, kona ya mwisho inakudai digrii nne. Hapo hata gundi ya Kariakoo yote haitakusaidia. Na mninga siyo mbao ya kuchezea siku hizi. Kipande ulichokiharibu kimeshalipiwa kibali, nyundo (ule mhuri wa maliasili kwenye mbao) na usafiri tangu huko Sikonge.

Sisemi ukanunue ile stendi ya chuma yenye magurudumu na mikono ya kurefusha. Ile ni ya fundi anayehama saiti: leo anapiga skating, zile mbao za chini ya ukuta, kwa bosi huyu, kesho dari kwa yule. Kama ndiyo kazi yako, inunue, sina ugomvi na wewe. Lakini shemeji hahami. Ana baraza. Na jamani, ni mtu anayenunua mashine ya useremala! Meza ya mashine ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza.

Miguu ya 2x4, urefu wa kufanya meza ya msumeno ije usawa wa kiuno chako, siyo cha fundi uliyemwona kwenye video. Katikati acha shimo la kuikalisha mashine, lishuke kwa kimo kilekile cha meza yake. Usikisie, pima mashine uliyonayo mkononi. Kulia na kushoto weka mabawa ya kubeba ubao, futi nne kila upande yanatosha. Laza rula ndefu juu ya bawa, meza ya msumeno na bawa la pili: mwanga usipite. Miguu ya mashine ina matundu, yapo kwa ajili ya bolti, siyo kupunguza uzito. Ukiweka ubao wa kuegemea nyuma ya mabawa, urudishe nyuma kidogo kuliko ule wa mashine, maana wa kwako utapinda siku moja ya masika na kuusukuma ubao nje ya mstari. Halafu funga kistopa kwenye bawa, kipande cha kuzuia ncha ya ubao pale unapotaka. Miguu minne ya kitanda inatoka sawa bila kupima mara nne. Hicho kistopa peke yake kinastahili nusu ya gharama, na hakipatikani sakafuni, labda umwite mtoto ashikilie.

Pesa ya mbao itoke wapi? Itoke kwenye diski. Na hapa ndipo kijana wa duka aliponichosha zaidi, kwa sababu alikuwa anamuuzia shemeji ukubwa. Upana wa mkato kwenye msumeno wa kuvuta unatoka kwenye reli, hautoki kwenye diski. Diski inakupa unene. Ipo misumeno ya kuvuta ya diski ya milimita 216 inayokata upana wa milimita 305 na kidogo, sawa na mingi ya 254. Shemeji anataka kukata nini? Ubao wa 1x10, mara mojamoja 1x12, na miguu ya 2x4. Wa 216 unamtosha. Nakubali, shingo upande, kwamba ukiilaza diski digrii 45 unene unapungua sana na mbao ya inchi mbili inaweza kuishinda hiyo ndogo. Anayefanya kazi hizo mara kwa mara achukue 254. Lakini 305? Anajenga bandari ya Kigoma?

Na wale mtakaoniambia reli hazina haja, ununue wa kushusha tu kwa sababu Mmarekani mmoja amesema diski ya inchi kumi inakata mbili kwa sita: inakata mbili kwa sita ya kwao. Ya kwao ikisharandwa kiwandani ni milimita 38 kwa 140. Ya kwetu inatoka kwenye msumeno wa mpasuaji na magamba yake, sita ni sita, ukimpata mpasuaji mwenye hofu ya Mungu. Usiokuwa na reli utakuachia kipande kidogo cha kumalizia kwa mkono.

Reli zina adhabu yake. Nyingi zinatokeza nyuma, kwa hiyo meza haikai ukutani. Pima baraza kabla hujalipa. Vumbi likiingia kwenye bearing zake mvuto unakuwa wa kukwaruza na engo inaanza kuyumba. Na kuna namna ya kuutumia: vuta kwanza ikiwa juu, shusha, ndipo sukuma kwenda mbele. Wanaoshusha kisha wakavuta kuja kwao wanaalika diski ipande juu ya ubao na kuwafuata.

Mtumba wa Japan ni volti 100, wa Marekani 120. Kwetu ni 230. Soma kibati kabla ya kuchomeka. Waya wa kuongezea uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, siyo ule wa redio. Diski ya akiba nenda nayo ya zamani dukani, tundu la milimita 30 na la 25.4 hayapokezani.

Vumbi la mninga halina urafiki na mapua. Kuna watu linawabana kifua kabisa, na mfuko ule wa nyuma ya msumeno unakusanya kiasi cha kumfurahisha aliyeubuni tu. Barakoa, na ukatie upande ambao upepo unapeleka vumbi kwa jirani mnayesameheana.

Mtaniuliza kampuni gani. Makita, Bosch, DeWalt, au zile za bei nafuu zinazobadilisha jina kila mwaka, mimi swali langu ni moja: motor ikila kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme vinavyosagika, kaboni zake zipo hapa Tabora au mpaka mtu aagize Dar na basi la usiku? Nilimuuliza yule kijana. Akaangalia dari, kisha akaniambia mashine hii haili kaboni. Nikaigeuza ubavuni, nikamwonyesha vifuniko viwili vya kaboni. Shemeji akarudisha bahasha mfukoni, na tukatoka kwenda kuulizia bei ya 2x4.