Westworld iliharibika ilipotoka bustanini

Westworld ni tamthilia ya bustani ya burudani ambako wageni hulipa kuishi maisha ya Marekani ya kale kati ya roboti wanaofanana kabisa na watu. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza, kilichorushwa na kituo cha HBO Oktoba 2016, Dolores, mmoja wa roboti hao, anaua nzi aliyetua shingoni mwake. Kofi moja tu, basi. Lakini saa nzima tumeona nzi wakitembea juu ya nyuso za roboti, hata machoni, na roboti hawapepesi. Tena Dolores ametoka kuulizwa kama anaweza kumdhuru kiumbe hai, akakana. Kofi lile linamuumbua, wala hakuna anayetufafanulia.

Utamu wote wa msimu ule ulikaa hapo. Dolores anaamka, anamsalimia baba yake barazani, anakwenda mjini Sweetwater, kopo la maziwa linamdondoka na kubingirika, mtu analiokota. Kesho yale yale. Ukishaikariri siku yake, badiliko dogo kabisa unaliona: leo kopo kaokota Teddy, roboti mpenzi wake, siku nyingine kaokota William, mgeni wa bustani. Na kwa kuwa roboti akikumbuka jambo hulishuhudia upya kama linatokea sasa hivi, Dolores hajui kipi cha leo na kipi cha miaka 30 iliyopita. Nasi hatujui. Ndiyo maana tulipoambiwa kwamba kijana William ndiye yule mzee wa mavazi meusi, mgeni katili anayewatesa roboti, hakuna aliyehisi ametapeliwa. Alama zilikuwepo, hata nembo ya bustani ilikuwa ya zamani siku William alipowasili.

(Nafichua mengi hapa. Kama hujaitazama, shauri yako.)

Msimu wa tatu ulikuja Machi 2020, vipindi 8 badala ya 10, hadithi ikahamia Los Angeles. Wazo lenyewe halikuwa baya. Kompyuta iitwayo Rehoboam inatabiri na kupanga maisha ya kila mtu, kumbe binadamu nao wanazungushwa kama roboti wa bustanini. Shida ni kwamba tunasimuliwa tu. Caleb ni kibarua wa ujenzi anayeongezea kipato kwa kazi ndogo ndogo za uhalifu anazozipata kwenye simu, na Dolores anamsomea utabiri wake: atajiua baada ya miaka kadhaa. Sawa, lakini siku ya Caleb hatukuikariri kama tulivyoikariri ya Dolores. Anapofunguliwa minyororo, hatuna cha kulinganisha. Halafu kipindi cha 5 Dolores anawatumia watu wote majalada yao, na mara barabara zinawaka moto. Jambo kubwa kama hilo lilistahili msimu mzima.

Baya zaidi ni lulu, yaani ule mpira mdogo unaobeba akili ya roboti. Dolores alitoroka bustanini na tano, mashabiki wakakesha wakibashiri ni za akina nani. Kipindi cha 4 kikajibu: ukiitoa ya roboti Bernard, zote ni nakala za Dolores mwenyewe. Mshtuko upo, ila wahusika wanne wakageuka mtu mmoja kwa mpigo, na kifo kikakosa uzito kwa kuwa nakala nyingine ipo. Roboti Maeve naye, aliyeshuka kwenye treni kwa hiari yake akamtafute mwanawe, sasa anatumwa na Serac, tajiri mwenye Rehoboam, kupigana kwa upanga, na hoja yake ni ileile hadi mwisho.

Palipong'aa ni kwa Tessa Thompson. Anacheza nakala ya Dolores iliyovaa mwili wa Charlotte Hale, kiongozi wa kampuni yenye bustani, ikaanza kumpenda mtoto wa Hale kwelikweli. Gari linapolipuka mwishoni mwa kipindi cha 6, nakala ile inaachana na Dolores wa awali moja kwa moja. Hiyo ndiyo hadithi niliyotaka kuitazama vipindi vyote 8, badala ya kufukuzana kwa pikipiki.

Msimu wa nne, wa 2022, ulijitahidi kurudisha fumbo la nyakati mbili, lakini watazamaji walishaondoka. Novemba mwaka huo HBO waliufuta mradi, msimu wa tano uliokusudiwa kufunga hadithi haukutengenezwa.

Anayeanza leo autazame wa kwanza wote bila kuruka. Wa pili una mabonde mengi, ila asikose kipindi cha 4, cha James Delos, mwanzilishi wa kampuni yenye bustani, na majaribio ya kumrudisha hai, wala cha 8, cha roboti Akecheta, ambacho sehemu kubwa kinazungumzwa Kilakota, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani. Wa tatu anaweza kuufuata kwa ajili ya Hale tu.