Mnaoniagiza nipande juu ya ploti, sikieni

Kila picha za zile taa za kijani za kaskazini (aurora, mwanga unaocheza angani usiku karibu na ncha za dunia) zikisambaa WhatsApp, simu yangu haipumui. "Si wewe una kamera? Panda juu ya ploti utupigie!" Ploti yenyewe, jengo letu la kupanga, iko Umoja, jamani. Nairobi hii, digrii 1 hivi kusini mwa ikweta! Wenzetu huzifuata hadi Tromsø kule Norwei, digrii 69 kaskazini, usiku wa baridi inayomaliza betri kabla ya kazi kuanza.

Haya, nikakubali nipige nyota tu. Kamera kwenye stendi, lenzi wazi sekunde 15, pumzi nimeibana. Sekunde ya 6, soja wa ploti jirani ananimulika tochi: "We! Unafanya nini huko juu?" Picha kwisha. Narudia. Mama Brayo anapanda kuanua nguo, anaparamia mguu wa stendi, kisha ananilaumu mimi. Na hata wote wakilala, mulika mwizi, lile taa kubwa la mtaa juu ya mlingoti, halilali. Limeigeuza mbingu rangi ya chai ya maziwa. Ukingoja baridi yetu ya Julai ndiyo kabisa, wingu linafunika mji usione hata mwezi.

Jana binamu kanitumia tena: "Leo usiku zinaonekana Nairobi, tuma kwa wengine." Nikaikuza ile picha. Ina theluji hadi dirishani. Nimemuuliza hiyo ni Umoja ya wapi, amenyamaza mpaka sasa.