Mnaotuhesabu, Turudishieni Hesabu

Jumamosi iliyopita, kabla sijamaliza chai, aligonga mlango wetu kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa na kushika kishikwambi, akasema ametumwa na mradi ambao jina lake, lenye herufi nyingi za Kiingereza, sikulishika. Alitaka kujua mvua kubwa inaponyesha maji hutufikia wapi: kwenye kifundo cha mguu, gotini au kiunoni. Bibi tunayeishi naye nyumba moja alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Aliitikia shikamoo ya kijana vizuri, akaweka ungo chini, kisha akamuuliza: "Mjukuu wangu, wewe ni wa nne kuja kuniuliza habari za goti langu. Hao watatu wa mwanzo, majibu yangu waliyapeleka wapi?" Kijana alicheka kwa aibu. "Bibi, mimi nimetumwa kukusanya tu." Akabonyeza kioo chake mara mbili, akaaga, akahamia nyumba ya pili.

Sina ugomvi na kijana huyo, ambaye posho yake ya siku huenda haitoshi hata nauli ya kurudi kwao Mbagala. Ugomvi wangu ni na wanaomtuma, na hasa na tabia iliyozoeleka katika mji huu wa Dar es Salaam ya kuwafanya wakazi wa bondeni kuwa kisima cha takwimu, kila mwenye ndoo yake akija, anachota na kuondoka.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kazi yenyewe ya kuchora ramani imewahi kufanywa vizuri. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora vichochoro ambavyo ramani nyingi zilikuwa zikiviacha kama eneo tupu, na mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, ikaipanua kazi hiyo katika kata nyingine, ikiwatembeza wanafunzi na wenyeji kwenye mitaro, makalavati na madaraja ya miti ambayo ofisi nyingi hazikujua kama yapo. Yote yaliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, kuitumia na kuisahihisha. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kujua mtaro unapita wapi ni anasa.

Ila neno "huria" linanikera kila ninapolisikia likitamkwa kwa mbwembwe kwenye kumbi zenye viyoyozi. Huria kwa nani? Ramani ya mtaa wetu iko wazi kwa mtafiti aliyeketi London na kwa mshauri mwelekezi anayeandika ripoti kutoka hotelini Masaki, lakini mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye ndiye anayeamshwa saa nane za usiku maji yanapoingia vyumbani, hakuwa na nakala hata moja. Ukutani kwake palikuwa na picha ya Rais, kalenda ya mwaka juzi na tangazo la mkutano uliokwisha kufanyika. Mwambie aingie kwenye intaneti akapakue mafaili, atakuuliza bando litatoka fungu gani.

Mwaka jana, kabla ya masika, niliamua kuacha kulalamika. Nilipakua ramani ya mtaa wetu, nikaenda Kariakoo kwenye steshenari yenye mashine kubwa, nikaichapisha kwenye karatasi yenye upana wa meza ya kulia chakula, nikaibeba nikiwa nimeikunja kama mkeka. Siku ya mkutano wa mtaa tuliibandika kwenye ukuta wa nje wa ofisi kwa gundi ya karatasi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kuhudhuria mikutano ile, watu waliusogelea ukuta badala ya kutafuta kivuli. Kwanza kila mtu alitafuta nyumba yake. Kisha wakaanza kusahihisha: mama lishe wa kona akasema kisima kimewekwa upande usio wake, fundi wa baiskeli akasema kichochoro kile kilikwisha kuzibwa, na vijana wa bodaboda wakabishana kuhusu njia ya mkato hadi mwenyekiti akawanyamazisha.

Ndipo mzee mmoja alipoweka kidole kwenye mstari wa buluu, yaani mtaro wa maji ya mvua, akaufuata polepole kutoka barabara kuu, nyuma ya msikiti, kupita uwanja wa watoto, mpaka kidole kikasimama. "Hapa," akasema, "hapa pana uzio." Watu walinyamaza. Sote tulikuwa tunaupita uzio ule wa matofali kila siku, na sote tulikuwa tunailaumu halmashauri kwa mafuriko, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuuona mtaro na uzio kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine. Mkutano ambao kwa kawaida ungeishia kwenye "serikali itusaidie" uligeuka kuwa mkutano wa kuuliza nani alitoa kibali, lini, na barua ya kumwita mwenye nyumba itaandikwa na nani. Mtendaji aliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu za mkutano. Karatasi moja, ambayo gharama yake haifiki hata bei ya chakula cha mchana cha mgeni mmoja kwenye semina ya siku mbili kuhusu uwazi, ilifanya kazi ambayo dodoso nne hazikuifanya.

Msomaji mwenye busara atasema kwamba taarifa zikiwa wazi zinaweza kutudhuru pia, na hapo sina ubishi mkubwa, kwa sababu nani huku bondeni amesahau Desemba 2015, nyumba zilipobomolewa katika Bonde la Msimbazi na nyingine zikaamka na alama ya X nyekundu ukutani? Mtu anayeulizwa maji yanamfikia wapi hujiuliza kwanza kama jibu lake litaleta mtaro au litaleta X. Wapo majirani wanaojibu "kifundoni" ilhali alama ya tope iko juu ya dirisha, na wapo wanaojibu "shingoni" kwa sababu wamesikia kuna fidia. Takwimu za namna hiyo, hata zikipakwa rangi nzuri kwenye ramani, ni uongo uliopigwa pasi. Dawa yake ni kumwonyesha aliyeulizwa jibu lake limeandikwaje na linatumiwa na nani, mbele ya majirani wanaolijua dirisha lake. Pale ukutani hakuna aliyethubutu kudanganya kuhusu tope.

Sheria tunayo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata nchi yetu ikajitoa kwenye Mpango wa Kimataifa wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ambao tulikuwa tumejiunga nao mwaka 2011, na mtu achague mwenyewe lipi kati ya hayo mawili limesikika zaidi huku mitaani. Vibao vya anwani za makazi tulivyogongewa mwaka 2022 vipo na vinang'aa, ingawa dereva wa bodaboda bado ananiuliza kama ni pale kwa mama wa maandazi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na siwaombi wanaotuhesabu wamtembelee kila mmoja wetu kumsomea matokeo. Ninachodai ni kwamba mradi wowote unaoingia mtaani na vishikwambi usipewe barua ya utambulisho na mtendaji mpaka uandike siku utakayorudi, na siku hiyo urudi na karatasi kubwa inayosomeka kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, pamoja na mtu wa kujibu maswali. Bajeti ya vizibao ikiwepo, ya karatasi haiwezi kukosekana.

Ramani yetu bado ipo, imepauka kwa jua na kona moja imechanika. Mwenye uzio ameitwa mara mbili na hajafika. Juzi nilipopita nilikuta mtu asiyejulikana ameandika kwa kalamu ya wino mwekundu, pale kidole cha mzee kiliposimama, "maji tarehe 4/4, kiunoni", na chini yake, kwa mwandiko mwingine, "kwangu pia".