Bampa la Faiba: Msasa Usitangulie Sabuni

Rangi ikibabuka kwenye bampa, lawama zote huangukia rangi. Utasikia ni feki, utasikia duka fulani linauza maji. Kwa faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo ndani, mimi nakataa. Mara nyingi kazi imeshaharibika kabla kopo halijafunguliwa, na aliyeiharibu ni yule aliyeshika msasa mapema.

Faiba hutengenezwa ndani ya kalibu, na kalibu hupakwa nta ili kitu kisigandie humo. Kava ya bajaji au bampa jipya hutoka na nta hiyo usoni, na kwa macho huioni. Ukianza na msasa huiondoi, unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi haina pa kushika. Osha kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Kikikauka, futa kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta, ukifuatisha kitambaa kingine safi kabla dawa haijakauka. Kisha mwagia maji: yakitandaa sawasawa, endelea; yakijikusanya matone matone, nta ingali hapo, rudia.

Ndipo uchukue msasa namba 220, baadaye 320, na mkono mwepesi. Shabaha ni kuua mng'ao tu. Ukichimba hadi nyuzi zikatokeza, zitakuja kuonekana chini ya rangi. Vaa mikono mirefu na barakoa, maana vumbi lake linawasha na halifai kuvutwa. Halafu kagua uso ukiwa umeuinamisha kwenye mwanga. Utaona vitundu vidogo kama vya sindano. Usitegemee praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ivizibe, itavifunika juu tu. Gari likishinda juani, hewa iliyobaki ndani inatanuka na vitundu vinafumka. Shindilia puti, ule uji mzito wa kuzibia, kwa kisu, ikauke, piga msasa tena.

Yote hayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani kwake hapa Dodoma, Nkuhungu au Chang'ombe, tena kwa uangalifu kuliko gereji yenye foleni ya magari. Kitu kimoja tu: usikiache kimening'inia juani juu ya matofali mawili. Faiba nyembamba ikipata joto hupinda, na hapo hata kufunga boliti ni kazi.

Lakini kupuliza praima na rangi zenye hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, hapana. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali ya isosayaneti, inayoweza kumwachia mtu pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Nyumba zetu nyingi ni za kupanga, uwanja mmoja familia nne, watoto wanacheza hapo hapo. Sioni haki ya kuwavutisha watoto wa jirani hewa hiyo kwa sababu ya bampa langu. Mpelekee fundi mwenye chumba na vifaa.

Kama fundi wako hupulizia nje, mwombe asubuhi na mapema, hasa Juni hadi Oktoba. Upepo wa Dodoma ukishaamka, vumbi jekundu linatua kwenye rangi mbichi, na jua la mchana huikausha kabla haijatandaa ikabaki na chenga. Atie thina ya kukausha polepole, anyunyizie maji chini. Na bei ya kupuliza tu si bei ya kazi nzima. Pataneni kabla hujashusha bampa kwenye gari.