Kumwita mwanasiasa gaidi: nani hulipa gharama?

Juni 26, 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen aliwaambia Wakenya kwamba walichokiona barabarani hayakuwa maandamano, bali ugaidi uliovishwa vazi la upinzani. Miezi miwili haikupita, Rigathi Gachagua, naibu rais aliyeondolewa madarakani, akasimama mbele ya Wakenya wanaoishi Marekani na kudai kwamba Rais William Ruto ana uhusiano na Al-Shabaab. Serikali ilikanusha, na Murkomen yuleyule akamtaka Gachagua aandikishe taarifa polisi atakaporejea nyumbani. Serikali imewaita wapinzani wake magaidi, na mpinzani amemwita mkuu wa serikali mshirika wa magaidi, na kila upande unashangilia wake.

Nairobi siku hizi, ukisita kuuita utawala huu wa kifashisti, unaulizwa umelipwa shilingi ngapi. Ukisita kuwaita waandamanaji magaidi, upande wa pili unakuuliza ni ubalozi gani unaokufadhili. Anayesita anatazamwa kama mwoga au kibaraka. Mimi nadhani ana hoja, na hoja hiyo haijasikizwa vya kutosha.

Wanaowalinganisha wanasiasa wetu na wafashisti au magaidi nao si watu wa kubezwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nchi hii iliumwa. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na kabla ya mapanga kulikuwa na maneno: mikutanoni, redioni, kwenye ujumbe wa simu. Rwanda ya 1994 ilikuwa na kituo cha redio cha RTLM kilichowaita Watutsi mende hadi wasikilizaji wakazoea. Kwa hiyo Seneta Mithika Linturi alipotamka "madoadoa", neno la kuwataja majirani wa kabila jingine kama madoa ya kuondolewa, mkutanoni Eldoret, Januari 2022, waliokumbuka hawakungoja ufafanuzi. Alikamatwa kesho yake. Aliomba radhi, akasema hakuwa na nia ya kuchochea, na kabla mwaka haujaisha alikuwa waziri wa kilimo. Mtu akiona hivyo, akaona pia kwamba kesi za uchochezi zinazofika hukumuni ni chache mno, utamlaumuje akitafuta mfano mzito wa kuwazindua wenzake?

Halafu kuna suala la muda. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Aliyesema wakati huo kwamba hawa watu wataiteketeza nchi angeonekana ana kiherehere. Januari 1933 Hitler alikuwa kansela. Ukingoja ushahidi ukamilike ndipo ulinganishe, wanasema watu hawa, utakuwa unalinganisha makaburi. Hilo silibishi.

Lakini Ujerumani ileile ina somo la pili ambalo husimuliwa kwa nadra, na mimi halinitoki akilini. Tangu 1928 chama cha Wakomunisti wa Ujerumani, kwa mwongozo wa Moscow, kilishikilia kwamba chama cha SPD, cha Wasosholisti wa mrengo wa wastani, nacho ni cha kifashisti, ila kimejificha nyuma ya maneno ya wafanyakazi. Wakomunisti hawakuwa wehu. Mei 1929, polisi wa Berlin waliokuwa chini ya mkuu kutoka SPD walifyatua risasi kwenye mitaa ya wafanyakazi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hasira ilikuwa ya haki, na waliozikwa walikuwa watu wao. Wakaona jina linafaa.

Sasa tazama uchaguzi wa Novemba 6, 1932, wa mwisho kabla Hitler hajakabidhiwa serikali. Wanazi walipata asilimia 33.1. SPD ilipata 20.4, Wakomunisti 16.9. Jumlisha: 37.3. Vyama viwili vilivyokuwa vikiitana wasaliti na wafashisti vilikuwa na kura nyingi kuliko Wanazi, miezi mitatu tu kabla ya giza. Sisemi kura hizo zingegeuka serikali. Asilimia 37 si nusu, na vyama hivyo vilichukiana kwa sababu nyingine nyingi, SPD ikiwa na lawama zake. Ninachosema ni kwamba jina lilikuwa limeshatumika. Wafashisti wenyewe walipobisha hodi, wafuasi wa vyama hivyo walikuwa wameambiwa kwa miaka minne kwamba ufashisti ndio huu wa jirani yao wa kiwandani. Machi 1933 kambi ya Dachau ilifunguliwa, na miongoni mwa wafungwa wake wa mwanzo walikuwa Wakomunisti na wanachama wa SPD, pamoja.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba jina zito haliwezi kumdhuru mtu ikiwa anayeitwa ni mbaya kweli. Mkuu wa polisi wa Berlin alistahili kushtakiwa. Kumwita mfashisti hakukumpeleka mahakamani, na kuliwafungia Wakomunisti mlango ambao wangeuhitaji baadaye.

Juni 2025, katikati ya jiji letu, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi mbele ya kamera. Watu walipolitaja tendo lenyewe, yaani mauaji, na kuonyesha video, na kuuliza askari huyu ni nani na nani alimtuma, askari alishtakiwa kwa kosa la kuua. Ningependa kusema mengi yalifuata, hayakufuata. Lakini hicho kidogo kilichopatikana kilipatikana kwa kutaja tendo. Hapa kwetu hakuna hati ya mashtaka inayoandikwa "ufashisti".

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa mifano ya Ulaya hulisahau kuhusu wanasiasa wetu: hawana itikadi, kali wala pole. Kundi la itikadi kali lina mafundisho, lina adui wa kudumu, lina watu walio tayari kufa kwa ajili ya hayo. Juni 2016 wabunge wa pande zote mbili waliotuhumiwa kwa uchochezi walilazwa seli za kituo cha polisi cha Pangani, Nairobi; walitoka humo wakiwa marafiki wakubwa na wahubiri wa amani. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa kambi tofauti 2007, mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague yakawafanya mgombea na mgombea mwenza 2013. Machi 2018 kukawa na salamu za mkono za maridhiano baina ya Uhuru na kiongozi wa upinzani, Raila Odinga. Machi 2025 Raila akatia sahihi makubaliano na Ruto, mtu ambaye baadhi ya wafuasi wa Raila walikuwa barabarani wakimtaka aondoke. Gachagua, anayemtuhumu rais leo, aligombea naye tikiti moja 2022.

Utaniambia kukosa itikadi hakuwapunguzii uzito waliouawa. Kweli kabisa. Lakini ugonjwa ukiupa jina la ugonjwa mwingine utatibu usiokuwepo. Anayekuchochea kwa sababu anaamini na anayekuchochea kwa sababu anatafuta wizara hawazuiwi kwa njia moja. Wa pili anajua hesabu. Ukimpandishia gharama, ataacha. Ukimfananisha na Hitler unampa ukubwa asio nao, na nadhani wengine wao huufurahia.

Marekani nako jina limeshuka thamani. Mwaka 2016 JD Vance alimwandikia rafiki yake faraghani kwamba huenda Donald Trump akawa Hitler wa Marekani. Januari 2025 aliapishwa kuwa makamu wa Trump huyohuyo. Kamala Harris alipokubali hadharani Oktoba 2024 kwamba Trump ni mfashisti, wapiga kura wengi walilisikia, wakalipima, wakampigia Trump. Labda Harris alikuwa sahihi. Jina lenyewe halikuwa na nguvu tena ya kumshtua mtu.

Hayo yote, hata hivyo, ni gharama za mbali. Ya karibu, na ndiyo inayonifanya niandike, ni kwamba Kenya neno gaidi halibaki kuwa tusi. Lina sheria, ile ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Lina mahakama, ile ya Kahawa, Nairobi. Mshukiwa anaweza kuzuiliwa hadi siku 90 kwa idhini ya hakimu kabla ya kushtakiwa. Na lina watu wanaolilipia, ambao mara nyingi si wale walioitwa.

Usiku wa Juni 15, 2014 washambuliaji waliingia Mpeketoni, Lamu, wakaua. Siku chache tu, idadi ya waliouawa ilipita 60. Al-Shabaab walidai kuwa wao ndio waliofanya. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alilihutubia taifa na kusema halikuwa shambulio la Al-Shabaab, bali la mitandao ya kisiasa ya mashinani. Fikiria maana yake. Hapa mwanasiasa hakulinganishwa tu na gaidi. Aliwekwa mahali pa gaidi, na gaidi akaondolewa kwenye picha. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yakaondolewa kwa kukosa ushahidi. Wakati huohuo, mapema Julai, wauaji walirudi, safari hii katika maeneo ya Hindi na Gamba.

Nani alilipa? Timamy aliteseka, hilo silikatai, lakini alikuwa na mawakili, na mwaka 2022 alirudi kwenye kiti chake cha ugavana. Lamu iliwekewa kafyu ya usiku iliyodumu miezi, na kwenye visiwa ambako watu wengi huvua usiku, kafyu ni njaa. Wajane wa Mpeketoni waliambiwa kisa kimoja na rais na kingine na waliowaua waume zao. Miezi michache kabla, Aprili mwaka huohuo, operesheni ya Usalama Watch ilikuwa imewazoa watu takriban 4,000, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo kila mwanasiasa anapomrushia mwenzake jina la Al-Shabaab, kuna mama wa Eastleigh anayemwambia mwanawe asisahau kitambulisho. Gachagua alipotoa madai yake kule Marekani, sikusikia akiulizwa kuhusu huyo mama.

Na mashine hiyohiyo ndiyo iliyogeuziwa vijana. Julai 2025 mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa, na taarifa za kwanza zilitaja kusaidia vitendo vya ugaidi. Alipofikishwa Kahawa mashtaka yakawa ya kumiliki risasi na makopo ya gesi ya machozi bila kibali, akayakana. Tofauti kati ya tangazo la polisi na hati ya mashtaka inatosha kuonyesha jina hilo linavyotumika. Upinzani ulikasirika, na ulikuwa na haki. Ila wiki chache baadaye sehemu ya upinzani huohuo ikalichukua jina hilohilo na kumpaka rais, bila kuweka ushahidi mezani. Huwezi kuutaka upanga uvunjwe huku ukiuomba kwa zamu.

Wazee watakumbusha kwamba hili si geni. Mwaka 1960 gavana wa kikoloni, Patrick Renison, alimwita Jomo Kenyatta kiongozi wa giza na mauti. Miaka mitatu baadaye mtu huyo alikuwa waziri mkuu, wakati Mau Mau wenyewe, waliobeba jina hilo msituni, walibaki kundi lililopigwa marufuku hadi 2003. Hapo pia mwanasiasa aliponyoka na jina, na jina likawabakia wapiganaji wa kawaida kwa miaka 40 baada ya uhuru.

Je, basi tusilinganishe kabisa? Hapana. Kuna ulinganisho ninaoukubali bila shaka: wa hatua kwa hatua. Ukisema kwamba kuwaita majirani madoa ya kuondolewa ni lugha iliyotumika kabla ya mauaji mahali fulani, na ukaonyesha wapi na lini, umenipa kitu cha kukagua. Ukisema kwamba agizo la kuwapiga risasi watu wanaokaribia vituo vya polisi linafanana na agizo fulani la utawala fulani, nitakusikiliza, na pengine nitakubaliana nawe kabla hujamaliza. Ulinganisho wa namna hiyo unaweza kukanushwa, na kwa hiyo unaweza pia kuthibitishwa. Huu wa "fulani ni Hitler", "fulani ni Al-Shabaab", hauna mahali pa kuushika.

Madai ya Gachagua kuhusu rais yanaangukia wapi? Kama ana majina, tarehe na mahali pa mkutano, hayo ni mashtaka mazito na yachunguzwe na chombo ambacho hakiripoti kwa waziri anayetuhumiwa kuwaita vijana magaidi. Kama hana, basi amefanya alichofanya Murkomen, ila bila polisi wa kutekeleza. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kampeni zimeshaanza, na katika mikutano ya kwanza nimeshasikia magaidi wakitajwa pande zote mbili. Ushahidi bado sijausikia upande wowote.