Ramani ya Nairobi Haijafika Mombasa

Gari la tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lililotyuniwa Nairobi na kupimwa Nairobi peke yake halijamalizwa kutyuniwa. Huo ndio msimamo wangu kuhusu kompyuta za injini za kununua kando, zile zinazoamua petroli na mwasho badala ya kompyuta ya kiwandani, na nimeutetea mbele ya marafiki wanaoipenda Subaru kama ninavyoipenda mimi. Mwenye gari amelipia nusu ya kazi. Nusu ya pili inamngoja Mombasa Road, baada ya mji wa Voi njiani kwenda pwani, mahali ambapo kila mtu hukanyaga mafuta.

Nazungumzia hasa Subaru Impreza WRX na STI zenye injini ya EJ20, maana ndizo tulizo nazo kwa wingi na ndizo zinazofunguliwa kuliko gari lolote jingine la mbio jijini. Mapenzi haya hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa kwenye Impreza, Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa gari hilohilo, na watoto waliokuwa wamesimama kando ya barabara za vumbi wakati ule leo wana mishahara na funguo. Lakini magari yenyewe yamezeeka. Kwa kuwa haturuhusiwi kuagiza gari lililopita miaka minane, STI ya 2005 unayoiona leo iliingia nchini kitambo, imepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa na fundi wake. Anapokuja mwenyewe wa sasa akitaka tabo kubwa, injekta kubwa (vipulizia petroli) na intakula ya mbele (kipoza hewa ya tabo), kompyuta ya kiwandani haitoshi tena. Hapo ndipo majina kama Link ya New Zealand na Haltech ya Australia huanza kutajwa, na pesa nyingi hutoka.

Sina ugomvi na kompyuta hizo. Ni kazi nzuri sana. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyozipa heshima zenyewe na kumpunja anayezijaza hesabu.

Tuanze na kinachotolewa. Karibu na kichungi cha hewa, Subaru ya kiwandani ina sensa ya waya wa moto. Hewa inapopita huupoza ule waya, na umeme unaohitajika kuurudishia joto huiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zimeingia. Hewa ikiwa nyepesi, kama ya Limuru huko milimani, gramu zinapungua na petroli inapungua. Hewa ikiwa nzito, kama ya Likoni pale Mombasa, gramu zinaongezeka na petroli inafuata. Mhandisi wa Japani hakuhitaji kujua Likoni iko upande gani wa bahari.

Fundi anapofunga kompyuta mpya, mara nyingi sensa hiyo huondolewa, na sababu zake ni za haki. Inabana njia ya hewa, tabo kubwa huivusha upeo wake, na vali ile ya kupumulia nje inayofanya gari lipige chafya huidanganya, kwa sababu hewa iliyokwisha kuhesabiwa inamwagwa barabarani. Badala yake kompyuta mpya inasoma presha ya hewa ndani ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) pamoja na joto lake, kisha inatafuta jibu kwenye jedwali. Upande mmoja wa jedwali kuna mizunguko ya injini, upande mwingine kuna presha. Kila seli ina namba inayosema silinda hujaa kiasi gani hapo. Lipo jedwali la pili la aina hiyo kwa ajili ya digrii za kuwasha plagi. Haya ndiyo watu huyaita ramani.

Namba hizo haziji na boksi. Boksi linakuja na ramani ya kuanzia, ya kuwezesha injini iwake na gari liingie gereji. Kuanzia hapo fundi huliweka gari kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), hulishikilia kwenye seli moja, hutazama sensa ya lamda inayopima moshi kuona uwiano wa hewa na petroli, husahihisha, huenda seli inayofuata. Kwa mwendo wa kawaida anatafuta gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Tabo ikisukuma kwa nguvu anaongeza petroli hadi hewa ishuke kwenye 11 au 11 na nusu, ili mwako upoe na pistoni zipone. Seli ambayo gari halikuifikia siku hiyo inabaki ya kukisia. Kompyuta hukisia kwa kufuata seli jirani au kwa ile namba iliyotoka nayo dukani.

Sasa hesabu ya mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa yake ni kama kilopaskali 83. Mombasa ni 101. Mita ya busti, yaani presha inayoongezwa na tabo, iliyobandikwa kwenye dashibodi haikuonyeshi tofauti hiyo, kwa sababu inaanza kuhesabu sifuri kutoka kwenye hewa ya pale ulipo. Tuseme fundi ameweka busti ya kilopaskali 110. Nairobi injini inapata 110 juu ya 83, yaani 193. Ukishuka pwani, westigeti (vali inayoizuia tabo isizidishe presha) iliyopewa amri ileile itafunguka karibu na busti ileile, maana springi yake inashindana na hewa ya nje. Mita itasoma 110 kama jana. Lakini ndani ya manifoldi sasa kuna 211.

Seli za 211 hazijawahi kuguswa. Kwa busti ile, gari halikuweza kuzifikia Nairobi. Ndiyo maana nasema nusu.

Linalonikera zaidi ni yale yanayofuata, maana huwa na mpangilio wake. Fundi mwangalifu aliweka kikomo: presha ikizidi 200, kompyuta ikate petroli. Nairobi kikomo hicho hakionekani. Baada ya Voi, dereva anataka kulipita lori, anakanyaga, gari linashtuka na kukata. Anaachia, anajaribu tena, linakata tena. Anampigia simu mtu anayejua, anafunguliwa kompyuta ya mkononi kwenye kituo cha mafuta, kikomo kinapandishwa hadi 230. Gari sasa halikati. Linakwenda kwa raha kabisa, likisoma namba ambazo hakuna binadamu aliyezipima. Ulinzi pekee uliokuwa umebaki umeondolewa kwa sababu ulifanya kazi yake.

Na huko pwani kuna joto. Hewa inaingia kwenye intakula ikiwa tayari na nyuzi thelathini na kitu, injini imetoka kupanda na kushuka kwa saa nyingi, na mwako unaanza kutangulia. Mafundi wetu huita kugonga, na si kule kugonga kwa beringi kunakosikika mtaa wa pili. Huku ni sehemu ya petroli kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Kwenye silinda ya EJ20 yenye upana wa milimita 92, mlio wake huwa karibu na herzi 6,000, na ukiwa kwenye barabara kuu madirisha yakiwa wazi hutausikia. Fundi makini huvaa vipokea sauti vilivyounganishwa na sensa iliyofungwa kwenye injini, akausikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Mlio mmoja mmoja huvumilika. Ukirudiwarudiwa chini ya busti, kingo za pistoni kati ya ringi na ringi hupasuka, kompresheni ya silinda moja inaanguka, na moshi wa buluu unaanza kutoka. Mafundi wengi wa Subaru huitazama silinda ya nne kwanza.

Petroli nayo ina sehemu yake. STI ya soko la Japani ilitengenezwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango cha chini cha taifa lao ni okteni 96 (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) na wauzaji wengi huiuza kama 100. Super yetu ya kawaida iko chini ya hiyo. Kwa hiyo hata digrii za kuwasha zilizokuwa halali kwa gari jipya kule Japani zinahitaji kupunguzwa hapa, na ramani uliyotumiwa na rafiki yako wa ng'ambo mwenye gari linalofanana na lako haikuhusu. Ukiijaza kwenye kompyuta yako umejaza hewa yake, petroli yake na injekta zake.

Nimewahi kuambiwa kwamba kompyuta za siku hizi zinajifunza zenyewe, kwa hiyo haya yote ni hofu za zamani. Ni kweli kwamba Link na Haltech zinaweza kusoma lamda na kusahihisha petroli gari likiwa safarini. Lakini sahihisho hilo huwekewa mipaka ya asilimia na fundi, huchelewa kidogo kwa sababu moshi lazima usafiri hadi kwenye sensa, na juu ya yote linagusa petroli tu. Digrii za plagi haliziongezi wala halizipunguzi. Injini inaweza kuwa na petroli sahihi kabisa na bado ikagonga hadi ife.

Wengine wananiambia kinyume: kwa nini basi mtu asiiache kompyuta ya kiwandani? Hapo nakubaliana nao kuliko wanavyotarajia. Kwa mwenye tabo ya kiwandani, injekta za kiwandani na egzosi pana, kuiandika upya kompyuta ya Subaru yenyewe kwa programu ya RomRaider kunatosha, na ile sensa ya waya wa moto inabaki kazini, ikimlinda Limuru na Likoni. Kompyuta mpya inunuliwe pale vifaa vimepita uwezo wa ile ya zamani, au pale mtu anahitaji ulinzi ambao ya kiwandani haina, kama kuzima injini presha ya oili ikianguka kwenye kona ndefu. Mimi ningeinunua kwa sababu hiyo ya mwisho kabla ya nguvu yoyote ya farasi.

Kwenye ufungaji wenyewe sitakaa sana, kwa kuwa mafundi wetu wa umeme ni hodari na kompyuta za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Subaru zimerahisisha kazi. Kompresheni ipimwe kabla ya kitu chochote. Muda wa injekta kufunguka uwekwe kwa namba za injekta zilizofungwa, kwa sababu hubadilika volti za betri zikibadilika. Jambo moja lakini nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: taa ya taimingi. Kwenye programu kuna sehemu ya kufunga mwasho kwenye digrii moja, tuseme 10. Ukiifunga hapo, unamulika puli ya krenki kwa taa na kuona kama alama inasoma 10 kweli. Kama inasoma 16, basi kila namba kwenye jedwali la mwasho ina uongo wa digrii sita, na dino itakwambia gari lina nguvu nzuri hadi siku injini itakapokufa. Ni kazi ya dakika chache. Simama pale uione ikifanywa.

Kuna tabia nyingine ningependa iishe, ya kufunga ramani kwa neno la siri na kumnyima mwenye gari nakala. Naelewa inatoka wapi. Mtu ametumia siku mbili akipima, kesho anakuta kazi yake imenakiliwa kwenye magari mengine na jina lake halitajwi. Lakini ramani iliyofungwa haiwezi kusahihishwa Mombasa na mtu mwingine, na mwenye gari akikwama kikomo chake kitaondolewa kwa njia za mkato au ramani nzima ifutwe. Mteja alipe vizuri, apewe faili, na apewe pia rekodi za siku ya kupima ili fundi wa Mombasa aone ni seli zipi ziliguswa na zipi hazikuguswa.

Kazi kamili ninayoitaka ni hii: siku ya dino Nairobi, kisha safari ya pwani na fundi ndani ya gari, rekodi ikiwashwa, busti ikipandishwa kidogo kidogo mahali palipo salama na halali pa kufanyia hivyo. Gharama ya safari iandikwe kwenye bei tangu mwanzo. Mtu aliyenunua kompyuta na sensa zake zote hatashindwa na mafuta ya kwenda Mombasa na chumba cha fundi cha usiku mmoja.

Na kama fundi hawezi kusafiri, kuna njia ya kufanya akiwa hapahapa. Lengo la busti liwekwe kwa presha kamili ya manifoldi, si kwa ile inayosomwa na mita ya dashibodi. Akiweka 190, Mombasa kompyuta itashusha busti hadi 89 na injini itabaki kwenye seli zilizopimwa. Dereva aambiwe mapema kwamba mita itasoma chini akiwa pwani, asije akadhani tabo imechoka akaenda kuongezewa. Safu za juu ya 190 zijazwe petroli zaidi na digrii pungufu, na kikomo cha 200 kisiguswe na yeyote. Lakini kwanza aulize springi ya westigeti ni ya ngapi. Kama ni ya kilopaskali 100, hakuna programu itakayoishusha busti hadi 89, kwa sababu kompyuta inaweza tu kuongeza juu ya springi. Hapo inatolewa na kuwekwa laini zaidi, gari likiwa bado liko Nairobi.