Thoriamu na siku 27 za protaktiniamu

Wanaoipigia debe thoriamu, metali ya mionzi inayoweza kuzalisha fueli ya vinu vya nyuklia, huanza na wingi wake: katika ganda la dunia ipo takriban mara tatu ya uraniamu. Ni kweli, ila bei ya madini ghafi ni sehemu ndogo ya gharama ya umeme wa nyuklia. Hoja yao nzito zaidi ni hesabu ya nutroni, chembe za kiini cha atomi zinazoendesha kinu.

Thoriamu-232 (namba ni idadi ya chembe katika kiini cha atomi) peke yake haiendeshi kinu; huhitaji uraniamu-235 au plutoniamu ya kuanzia. Ikimeza nutroni huwa thoriamu-233, ambayo ndani ya dakika 22 nusu yake imeshageuka protaktiniamu-233. Protaktiniamu nayo huhitaji siku 27 ili nusu yake iwe uraniamu-233, fueli yenyewe. Kila nutroni ya mwendo mdogo inayomezwa na uraniamu-233 huzaa takriban 2.3: moja huendeleza mpasuko wa atomi, moja hugeuza thoriamu mpya, na salio hilo dogo hufidia zinazopotea. Kinu cha Shippingport, Marekani, kilithibitisha jambo hili kati ya 1977 na 1982: kikipozwa kwa maji ya kawaida, kilimaliza kazi kikiwa na fueli inayopasuka zaidi ya kiliyoanza nayo, kwa asilimia 1 na ushei.

Shida iko kwenye zile siku 27. Protaktiniamu ikiachwa kinuni humeza nutroni kabla ya kukomaa, na hasara inakuwa mbili: nutroni imekwenda, na uraniamu-233 ambayo ingepatikana imekwenda pia. Ikitolewa, jambo linalowezekana kwenye kinu cha chumvi iliyoyeyushwa, ambamo fueli huwa kimiminika, hukomaa nje na kuwa uraniamu-233 safi mno. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huhesabu kilo 8 za uraniamu-233 kuwa kiasi cha kutosha kuhofia bomu. Kwa hiyo dai kwamba thoriamu haiwezi kuzaa silaha silikubali.

Watetezi hujibu kwa uraniamu-232, inayozaliwa sambamba. Kizazi chake, thaliamu-208, hutoa mionzi ya gama inayopenya sana, ambayo humtisha mwizi. Lakini mionzi hiyohiyo humlazimu fundi kutengeneza fueli nyuma ya kuta nene, kwa mikono ya mashine. Tena, fueli iliyotumika inapochakatwa upya, oksidi ya thoriamu haiyeyuki vizuri katika asidi ya nitriki pekee; huongezwa asidi ya hidrofloriki kidogo, nayo hula chuma cha pua cha matangi, ndiyo maana hutiwa nitrati ya alumini kuituliza.

Maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliendesha kinu cha chumvi kuanzia 1965 hadi 1969. Kilitumia uraniamu-233 kuanzia 1968, lakini thoriamu haikuwekwa ndani, na aloi yake ya nikeli ilikutwa na nyufa ndogo zilizoletwa na teluriamu. Hicho ni kielelezo cha chumvi. Mzunguko mzima wa thoriamu haukujaribiwa pale.

Thoriamu hutumika pia nje ya vinu, kwenye kulehemu kwa TIG, yaani kwa tao la umeme na ncha ya tangsteni chini ya gesi; hapo sioni haja ya mjadala mrefu. Elektrodi ya tangsteni yenye alama nyekundu ina oksidi ya thoriamu asilimia 2 hivi. Hatari kubwa ni vumbi la kunolea, maana chembe za alfa, mionzi itokayo kwenye thoriamu, hudhuru vumbi likishaingia mapafuni. Yenye lanthanamu, alama ya dhahabu au buluu, huwasha tao vizuri vilevile. Anayemalizia akiba ya nyekundu anoe kwenye mashine yenye kifyonza vumbi, na asipulize mabaki kwa hewa ya kompresa.